MUGENI WA AFYA: ANAZOEA NAMNA GANI INCHI ISIYO YAKE?



Katika darasa letu la mwisho wengi wanasema kwamba kisha Exetat watasoma uuguzi ao udokta. Wengine wanaongeza: «Mimi nitaenda kujitolea mbali, inchi ingine kabisa.» Ni wazo nzuri. Lakini tukiwauliza, utaamuka saa ngapi kule, utakula nini, utasema na mugonjwa kwa luga gani, wanacheka tu. Njo maana tumeona vizuri kueleza jambo hilo katika gazeti letu.

Sisi hatujavuka bahari. Lakini sisi ni watu wa inchi ambayo wageni wa afya wanafika tangu zamani. Tunawaona wakishuka ku gari, tunawauzia ndizi, tunawafundisha kusema «aksanti». Mwenye nyumba naye anajua kitu juu ya mugeni. Na jambo moja tunalijua kuliko mengine yote: dawa nzuri, ikiwa mikononi mwa mutu asiyezoea watu, haifiki ndani ya tumbo la mugonjwa. Tutaeleza ni kwa sababu gani.

1. MUTU WA KUJITOLEA NI NANI?

Ni yule anayeacha kwao kwa muda fulani, miezi ao miaka, anaenda kutumika kwa mushahara mudogo ao bila mushahara. Anapewa nyumba, chakula na nauli, basi. Kuko mashirika mengi yanayotuma watu wa namna hiyo. VSO ya Uingereza ilianza mwaka 1958. Peace Corps ya Marekani ilianza 1961, na watu wake walitumika katika inchi yetu tangu 1970 mpaka 1991. Umoja wa Mataifa uliunda shirika lake la watu wa kujitolea mwaka 1970. Médecins Sans Frontières iliundwa Paris mwaka 1971. Misioni nazo zilituma wadokta na wauguzi mbele ya hayo yote.

Tusifikiri kwamba wote ni Wazungu. Mwaka 1960, wakati wa uhuru, inchi yetu ilikuwa na wasaidizi wa wadokta wenye ujuzi mwingi, lakini karibu hakuna Mukongomani mwenye diploma ya udokta. Wadokta wengi Wabelgiji walikuwa wamekimbia. Wakati ule Wahaiti walikuja hapa, wadokta pamoja na walimu. Nao wasaidizi wetu wengine walitumwa Ufaransa kumaliza masomo yao ya udokta: hivi Wakongomani nao wakawa wageni, wakazoea baridi na mikate. Karibu na siku zetu, mwaka 2018, wachanjaji kutoka Guinée walikuja kutusaidia juu ya Ebola, kwa sababu walikuwa wameisha kuifanya kazi ile kwao. Ni kusema ugeni hauna rangi.

2. MUFANO MUMOJA: MAMA LUKA

Ili tusiseme maneno ya hewani, tukamate mufano wa mutu anayejulikana. Dokta Helen Roseveare alizaliwa Uingereza mwaka 1925, akasoma udokta Cambridge, akafika Kongo mwaka 1953 kwa njia ya misioni. Alianzia Ibambi, upande ambao leo ni jimbo la Haut-Uélé. Mwaka 1955 akaombwa kwenda Nebobongo, kilometre 11 hivi kutoka pale. Kulikuwa kituo cha wazazi na cha wagonjwa wa ukoma, lakini kilikuwa kimeachwa. Watu wakamuita Mama Luka, kwa sababu Luka wa Biblia alikuwa munganga.

Mutu anaweza kufikiri kwamba siku ya dokta ni kupima na kuandika dawa. Siku za Mama Luka hazikuwa hivyo. Kujenga hospitali kunaomba matofali. Basi dokta wa Cambridge akaenda pamoja na wafanyakazi kufyatua matofali na kuyachoma, mikono ikachubuka. Kisha akanawa mikono ile ile, akarudia wagonjwa. Pamoja na watu wa pale, Nebobongo ikakuwa hospitali ya vitanda 100, yenye shule ya wauguzi na vituo 48 vya vijijini.

Tunaangalia neno hili: matofali hayakuwa ndani ya programu yake. Lakini pale kwenye tanuru watu walimuona karibu, wakamufundisha, wakacheka pamoja. Mugonjwa anamuogopa dokta mwenye nguo nyeupe. Hamuogopi mutu aliyebeba naye tofali. Wazee wetu walisema: mugeni siku mbili, siku ya tatu umupe jembe. Wengine wanafikiri methali ile ni ya kumufukuza mugeni. Hapana. Jembe njo linamutosha katika ugeni.

3. LUGA, NA MITEGO YAKE

Kitu cha kwanza cha kusoma ni luga. Watu wa Peace Corps wanapewa mafunzo ya miezi mitatu hivi mbele ya kuanza kazi, na luga iko ndani. Mama Luka naye alisoma Kiswahili. Lakini luga ya kitabu na luga ya mugonjwa si moja.

Mugonjwa anasema: «Kichwa inaniluma.» Mugeni anafungua dikisionere, anaona kwamba kuluma ni kazi ya meno. Mama anasema: «Roho inanichafuka.» Mugeni anakamata chombo cha kusikiliza moyo, na mama anataka tu beseni ya kutapikia! Tunacheka, lakini mugonjwa hacheki.

Halafu kuko saa. Kwetu tunahesabu saa tangu asubui, kwao tangu katikati ya usiku. Mugeni akimuambia mama, «Rudisha mutoto saa mbili kwa shindano,» yeye anafikiri saa nane yetu ya muchana. Mama atafika saa mbili ya asubui, atangoje, atachoka, atarudi shambani. Kisha mugeni ataandika katika kitabu chake kwamba mama yule ni muvivu. Nani amekosa? Wala mumoja. Ni saa tu.

Mutego mukubwa kuliko yote ni neno «ndiyo». Kwetu kumujibu mukubwa ao mugeni «hapana» kwa uso wake ni kukosa heshima. Munganga akiuliza, «Baba, umekunywa dawa?» baba anajibu, «Ndiyo, dokta.» Na vidonge viko bado ndani ya karatasi, vimefungwa nyumbani. Tena mutu akisema «tutaona,» mugeni anaandika kwamba amekubali. Sisi wote tunajua kwamba «tutaona» mara nyingi ni «hapana» yenye kuvaa nguo.

Mugeni mwenye akili anabadilisha ulizo lake. Hasemi tena: «Umesikia?» Anasema: «Mama, niambie ginsi utamupa mutoto dawa hii ukifika nyumbani. Nionyeshe.» Kama mama anaonyesha vizuri, vema. Kama anakosa, dokta anajua kwamba yeye ndiye hakueleza vizuri. Wauguzi wazuri wa hapa kwetu wanafanya vile vile.

4. MAJI, CHAKULA NA HOMA

Mbele ya kupanda ndege mugeni anapigwa chanjo. Ile ya homa ya manjano ni lazima kwa kuingia Kongo. Anaulizwa kitabu chake kidogo cha manjano ku mupaka. Kisha kufika, kazi yake ya kwanza ya kila siku ni maji. Maji ya muto ao ya kisima anayachemsha mpaka yapande mapovu makubwa dakika 1 nzima, na katika milima inayopita metre 2,000 dakika 3, kwa sababu kule maji yanachemka mbele ya kupata moto wa kutosha. Halafu kuni: nani atazitafuta? Kwa hiyo glasi moja ya maji safi ina kazi ya nusu saa nyuma yake. Mugeni akiisha kujua hivyo, hatamuambia tena mama wa watoto sita «chemsha maji» kama vile anamuambia afunge dirisha.

Chakula: bukari, sombe, maharagi, ndizi, sambaza. Wageni wengi tumbo linawasumbua juma la kwanza. Shauri letu ni rahisi: kula kile ambacho watu wanakula, kikiwa moto, kimetoka sasa ku moto. Mugeni anayekula vya mukebe peke yake ndani ya chumba anapata afya ya tumbo, lakini anapoteza watu. Kwetu mutu aliyekula nawe njo anakuambia ukweli.

Malaria ni neno la nguvu zaidi. Sisi tuliokomaa hapa miili yetu imepigana nayo tangu utoto. Inatushika, lakini mara nyingi haituangushi upesi. Mugeni hana ukuta ule. Mbu wa malaria anauma usiku. Homa inaanza kisha siku 7 ao zaidi, mara nyingi siku 10 mpaka 15, na kwa mugeni inaweza kuua. Anapashwa kulala ndani ya chandarua na kunywa dawa ya kuzuia, bila kuruka siku. Wenzetu wanaoota Ulaya nao wasikie: Mukongomani akikaa miaka mbali na malaria, ukuta wake unabomoka. Akirudi kusalimia wazazi bila chandarua, anaanguka kama mugeni.

Mutu wa kujitolea anayedharau mambo haya si shujaa. Anakamata kitanda cha mugonjwa mwingine, anakunywa dawa ya mugonjwa mwingine, na wauguzi wanaacha kazi ili wamulinde.

5. KAZI PASIPO VYOMBO

Mugeni anakuja na vitu ndani ya sanduku. Hewa ya kwetu inavila. Kauchu inaoza, chuma inashika kutu, betri zinaisha. Mama Luka alieleza kwamba usiku mumoja pale Nebobongo mama mumoja alikufa akizaa, akaacha mutoto aliyezaliwa mbele ya wakati. Hakukuwa umeme, kwa hiyo hakukuwa mashini ya kumutia moto. Wakachukua chupa ya kauchu ya maji ya moto. Ikapasuka, na ilikuwa ya mwisho. Wakamulaza mutoto karibu na moto, mutu akalala kati yake na mulango, ili upepo usimufikie.

Angalia hekima iliyo ndani: moto, na mwili wa mutu. Mwisho wa miaka ya 1970, huko Bogotá katika inchi ya Kolombia, wadokta Edgar Rey na Héctor Martínez hawakuwa na mashini za kutosha. Wakaanza kuwafunga watoto wadogo sana kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, muchana na usiku. Leo njia ile inafundishwa dunia nzima, hata penye mashini, kwa sababu imeonekana kwamba inaokoa watoto. Inaitwa njia ya kanguru. Basi mugeni asilie kwanza juu ya vitu vinavyokosekana. Aulize: hapa kuko nini? Na nani anakijua?

6. MANGARIBI

Kuko jambo ambalo wageni hawaambiwi sana: mangaribi. Karibu na ekweta jua linaingia saa kumi na mbili hivi mwaka muzima, na giza linaanguka upesi. Kule kwao katika musimu wa joto jua linakawia mpaka usiku. Hapa usiku ni saa kumi na mbili kamili, na mara nyingi hakuna umeme. Majuma ya kwanza mugeni anafurahi, kila kitu ni kipya. Kisha furaha inachoka. Anakumbuka mama yake, anachukia kelele za jogoo, anachukia hata «jambo, jambo» ya watoto njiani. Anaanza kuhesabu siku. Wenye kuongoza watu wa kujitolea wanaijua njia ile. Inapita, kama mutu hakufungiwa peke yake.

Kuko tena neno la feza. Kwao yeye ni mutu wa kawaida. Hapa kila mutu anamuomba, na soko inamupandishia bei. Anafikiri kwamba watu wanamuona kama mufuko. Inaomba tumueleze: kwetu kuomba si haya, na kukataa vizuri si uadui. Mwenye kuombwa anaweza kujibu, «Leo sina, mama, lakini ukae tuongee.» Wengi wanaona kwamba kuongea kule njo kitu kilichotafutwa.

7. WAKATI WATU HAWAAMINI

Sasa tunafika ku neno la uchungu. Tarehe 1 mwezi wa 8 mwaka 2018 Ebola ilitangazwa katika Nord-Kivu, ikafika Ituri pia. Ilitangazwa kwisha tarehe 25 mwezi wa 6 mwaka 2020. Wagonjwa 3,470 walihesabiwa, na 2,287 wakakufa. Wakati huu kulikuwa chanjo, kulikuwa wadokta, kulikuwa feza nyingi. Lakini watu wengi walijificha, na vituo vya matunzo vilishambuliwa.

Sababu zilikuwa nyingi. Kulikuwa vita ya miaka mingi. Kulikuwa siasa: mwisho wa 2018 uchaguzi uliahirishwa Beni na Butembo, na watu wakaona kwamba Ebola ni kisingizio. Lakini kulikuwa pia ugeni. Watu walifika kwa magari mengi, wakasema Kifaransa kwa mama anayesikia Kinande na Kiswahili, wakachukua maiti mbele ya kusalimia familia. Mutu asiyesalimia, nani atamufungulia mulango?

Tarehe 19 mwezi wa 4 mwaka 2019, watu wenye silaha walishambulia hospitali moja ya Butembo, wakamuua dokta Richard Mouzoko wa Kamerun, aliyekuwa ametumwa na Shirika la Afya la Dunia. Aliacha kwao ili atutunze sisi. Tunaliandika jina lake hapa kwa heshima. Hatusemi kwamba salamu ingeizuia bunduki. Waliomuua hawakuwa watu wa kusalimiwa. Lakini tunasema kwamba pale ambapo wanafunzi, wamama wa soko na wauguzi wa muji walieleza ugonjwa kwa luga ya nyumbani, watu walisikia vizuri zaidi. Mugeni mwenye dawa alihitaji mwenyeji mwenye neno. Mumoja bila mwingine hakutosha.

8. KUENDA KWAO

Mugeni ataenda. Hiyo iko wazi tangu siku ya kwanza. Mwaka 1964, wakati wa uasi wa Simba, Mama Luka alikamatwa, akakaa miezi mitano mikononi mwa waasi, akateswa vibaya sana. Alipookolewa akarudi kwao, na watu wangeelewa kama hangerudi tena. Lakini mwaka 1966 alirudi Kongo, akatumika Nyankunde, katika Ituri, kufundisha wauguzi, mpaka mwaka 1973. Alikufa mwezi wa 12 mwaka 2016, akiwa na miaka 91.

Wakati alipokuwa mbali, nani aliwatunza wagonjwa? Wauguzi Wakongomani aliowafundisha. Hapa njo kipimo cha kazi ya mutu wa kujitolea. Tusiulize amepima wagonjwa wangapi. Tuulize: siku alipoenda, nani alishika kazi? Hata leo, katika Médecins Sans Frontières, wafanyakazi wengi ni wa inchi ile ile wanamotumika. Hao wanabaki gari la wageni likiisha kuondoka.

9. NASI JE?

Wapendwa, tusiwaachie wageni neno hili. Kuko sehemu yetu.

Moja: tumuambie munganga mugeni ukweli. «Ndiyo» ya heshima inaweza kumuua mutoto. Kama dawa inachafua tumbo, ao kama feza ya kununua dawa imekosekana, tuseme. Heshima ya kweli ni kumusaidia asikosee.

Mbili: tukisikia Kifaransa na luga ya nyumbani, sisi ni daraja. Mwanafunzi anayemutafsiria bibi yake ku hospitali asikate maneno, asiongeze yake, asifiche kwa haya. Aseme vile bibi amesema.

Tatu: tusimuache mugeni peke yake mangaribi. Kumualika mara moja kula sombe hakumalizi nyumba.

Ine: sisi wenyewe tujizoeze sasa. Kwa wengi ugeni utaanza karibu kuliko Guinée. Mutoto wa Kivu akitumwa kazi Équateur, atakuta Lingala, samaki ya moshi na chikwange, na watu watamuita mugeni. Kama hapa internati tunachagua kukaa tu na watu wa kabila letu, kama tunacheka matamko ya wenzetu, tunajifunza udokta wa namna gani? Anayetaka kutunza watu wa mbali aanze na yule wa kitanda cha juu yake.

Mwenye ulizo ao mwenye kujua zaidi atuone Jumamosi kisha salongo, karibu na biblioteki. Wale wa uuguzi tunawangojea zaidi.

Doyen wa wanafunzi, mwaka wa mwisho, Biochimie